Kwa Nini Wanauwasha Ugonjwa Badala ya Kuuzima?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, tunawaomba radhi wasomaji wetu waliokuwa wakiingoja sehemu ya pili ya mada ya mirathi. Juma hili tumeiweka kando, inshaallah itarudi. Tumelazimika kufanya hivyo kwa sababu ya swali tuliloulizwa tulipokuwa Meru, nasi tulitoa ahadi mbele ya kina mama kwamba jawabu lake tutaliandika hapa.

Tulikwenda Meru kwa ajili ya nikaha. Kijana wetu wa huku pwani ameoa kule, na wazee wa pande zote mbili wakatutaka tuwafungishe ndoa. Kuhusu baridi ya miguuni mwa Mlima Kenya hatutasema mengi, ila aliyekwenda na kanzu moja nyepesi alijuta tangu alfajiri ya kwanza. Baada ya walima, kina mama wa mji ule waliomba darsa. Tukakutana nao katika ukumbi wa madrasa. Walikuwamo Wameru waliosilimu na waliozaliwa katika Uislamu, Waborana na Wasomali walioshuka kutoka Isiolo, na wazee wa Kinubi na wa Kiswahili ambao babu zao waliingia huko zamani. Darsa lenyewe lilikuwa juu ya tohara na najisi. Tulipofika kwenye mlango wa damu na mzoga, ndipo swali likazuka.

Binti mmoja, mwanafunzi wa mambo ya maabara katika chuo kimoja, alisema amesoma kwamba wataalamu wamechukua kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa wakakitia mwanga kama wa kimulimuli, kiasi kwamba seli ikiambukizwa inang'aa. Kina mama wakashangaa. Mama yake, aliyekaa karibu na nguzo na kufunika mabega kwa blanketi, akauliza kwa sauti ya taratibu: "Sheikh, watu hawa wakiwa na ujuzi wa kuushika ugonjwa kiasi hicho, kwa nini wanauwasha badala ya kuuzima?"

Ukumbi mzima ulicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa uso wake haukuwa wa mtu anayefanya mzaha. Baadaye alitueleza kilicho moyoni. Mume wake ni mchuuzi wa mbuzi. Huwatoa Isiolo, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na pengine huwatoa nyanda kavu za Mbeere, upande wa chini wa Embu. Majike wengine hufika nyumbani wakiwa na mimba na kuzalia hapo hapo uani. Anayewasaidia mbuzi kuzaa ni mkaza mwana wake, kwa sababu ana mkono mwembamba na moyo wa huruma. Na mkaza mwana huyo sasa ana mimba ya miezi mitano, baada ya kuharibikiwa na mimba mara moja. Msimu wa mvua uliopita mbuzi watatu walitupa mimba kwa siku chache. Hakuna aliyewapima. Binti yao wa chuoni amewaonya, baba mtu amesema hayo ni maneno ya vitabu, na mama yuko katikati yao hajui amfuate nani.

Basi tulirudi Mombasa tukauliza wenye elimu hiyo, tukasoma tulichoweza kusoma. Tunachokiandika hapa ni cha mwanafunzi kwa wanafunzi wenzake.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, kwenye shamba la kondoo karibu na ziwa Naivasha, na waganga wa mifugo na wa binadamu, Daubney, Hudson na Garnham, wakachapisha habari zake mwaka 1931. Wanakondoo walikufa kwa wingi na ini lao likaonekana limeoza, kondoo wenye mimba wakazitupa. Hiyo ndiyo alama yake hadi leo: mimba za kundi zima hutoka kwa mpigo, na wachanga wengi hawasalimiki. Huenezwa na mbu. Wako mbu ambao mayai yao huweza kukaa katika udongo wa mabonde makavu miaka mingi, na kirusi kikiwa ndani ya yai. Mvua kubwa ikija, bonde likijaa maji, mayai huanguliwa na maradhi huanza upya kana kwamba yameshuka mbinguni. Ndiyo maana mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998 ulifuata mafuriko ya El Nino.

Mlipuko wa mwisho wa 2006 hatutausahau, kwa kuwa uliingia pamoja na Idi. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa huko Garissa mwezi wa Desemba, na Idi kubwa ya mwaka 1427 iliangukia siku za mwisho za mwezi huo huo. Watu wakawa wanauliza: tuchinje au tusichinje? Kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walifariki. Mifugo iliugua katika wilaya 29 kati ya 69 zilizokuwapo wakati ule. Ndugu zetu wa Tanzania nao walipigwa mwaka huo huo, wagonjwa 264 na vifo 109. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina la ugonjwa huo tangu zamani, sandik, kwa maana ya pua inayotoka damu, na waliochunguza mlipuko ule baadaye walikiri kwamba wafugaji waliiona hatari kabla ya maofisa, kwa kutazama tu wingi wa mbu na mvua. Mwishoni mwa 2020 homa hiyo ilirudi, na mara hii ilikuwa Isiolo, mlangoni mwa Meru. Kwa hiyo mama yule hakuwa akiuliza habari za nchi ya mbali.

Wala si maradhi ya Afrika ya Mashariki peke yake. Mwaka 1977 yaliingia Misri na kuua mamia ya watu. Mwaka 2000 yalitoka nje ya Afrika kwa mara ya kwanza, yakaonekana Jizan huko Saudia na ng'ambo ya mpaka huko Yemen, na kirusi kilichopatikana huko kilikuwa ndugu wa kile cha Afrika ya Mashariki cha 1997. Watu 87 walikufa upande wa Saudia peke yake. Tangu hapo biashara ya mifugo kati ya Pembe ya Afrika na nchi za Waarabu ikapata msukosuko wa miaka mingi, na wanaojua bei ya mbuzi wa Hija wanajua maana yake.

Sasa tuje kwenye huo mwanga.

Sisi watu wa pwani tunaujua mwanga wa viumbe hai kabla hatujasoma. Mvuvi anayepiga kasia usiku usio na mwezi huona maji yakimeta kila kasia linapozama. Watoto hukimbiza vimulimuli baada ya magharibi. Mwanga huo hauunguzi. Ni mmenyuko wa kemikali ndani ya mwili wa kiumbe: kuna kitu kinachowaka na kuna protini inayokiwasha, na protini hiyo imeandikwa katika jeni za kiumbe chake kama hati inavyoandikwa kwa wino. Jeni ya protini ya kimulimuli ilitolewa na kunakiliwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1985. Hati ikishanakiliwa, huweza kupandikizwa kwa kiumbe mwingine naye akaisoma.

Mwanga wa pili, wa kijani, ulitoka kwa konyeza, wale wanaotuwasha tunapooga baharini. Aliyeupata ni Mjapani, Osamu Shimomura. Kisa chake kinafaa kusimuliwa nyumbani. Alipokuwa kijana wa miaka 16, karibu na Nagasaki, mwanga wa bomu la atomiki ulimpofusha kwa muda. Baadaye akaenda Marekani, na mwaka 1961 alikuwa kwenye kituo cha baharini cha Friday Harbor akikamua konyeza kutafuta siri ya mwanga wao. Alishindwa siku nyingi. Jioni moja akakimwaga alichokikamua kwenye sinki, na sinki ikawaka bluu. Ndani ya sinki mlikuwa na maji ya bahari, na kumbe ni chokaa iliyomo katika maji ya bahari ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Pamoja na ile protini ya bluu akaikuta nyingine ya kijani, ambayo haihitaji kitu cha kuiwasha ila kuangaziwa tu. Miaka iliyofuata alikuwa akichota konyeza kwa nyavu pamoja na mkewe na watoto wake, maelfu kwa maelfu. Mwaka 2008 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mtu aliyepofushwa na mwanga mmoja akautumikia mwingine, subhanallah.

Kirusi ni kidogo mno. Darubini ya kawaida ya maabara haikioni. Zamani, mtaalamu aliyetaka kujua kama dawa inakizuia kirusi alilazimika kungoja siku kadhaa mpaka seli zife, kisha ahesabu matundu yaliyobaki katika utando wa seli, moja moja kwa macho. Dawa elfu moja zingemchukua umri. Ndipo wakafikiri: tukikipa kirusi hati ya mwanga, basi kila kinapoingia katika seli na kuanza kuzaliana, kitajisema chenyewe. Kwa Kiingereza huitwa virusi viripota. Sisi, kwa kuwa tumelelewa katika vitabu vya fiqhi, tunaona vinastahili kuitwa virusi mashahidi.

Kwa Homa ya Bonde la Ufa, kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2006 na Tetsuro Ikegami, Shinji Makino na wenzao katika chuo cha tiba kilichoko Galveston, Texas, mji wa kisiwani kama Mombasa. (Wajapani tena, msomaji atasema.) Walichokifanya ndicho kilichotufanya tusilale mapema usiku tulipokisoma. Kirusi hiki kina silaha, protini iitwayo NSs. Mwili wa mtu au mnyama unapovamiwa na virusi, seli iliyovamiwa hupiga mbiu kuzitahadharisha jirani zake. Mbiu hiyo huitwa intaferoni. Kazi ya NSs ni kumziba mdomo mpiga mbiu. Ndiyo sababu ugonjwa huua. Watafiti wale waliiondoa hati ya NSs, na katika nafasi ile ile iliyoachwa wazi wakaweka hati ya mwanga, iliyotoka kwa kiumbe wa baharini aitwaye Renilla, wa jamaa ya matumbawe laini. Yaani waling'oa jino la nyoka, na pale palipokuwa na jino wakatundika taa.

Tena nyoka mwenyewe hakuwa yule wa porini. Walianza na kirusi kilichodhoofishwa, MP-12, ambacho asili yake ni mgonjwa wa Misri wa 1977, aliyetibiwa Zagazig. Kilikuwa kimepitishwa mara 12 katika kemikali ya kukivuruga ili kitengenezewe chanjo. Tunayataja haya kwa sababu dada mmoja alinong'ona kwamba huenda hao ndio wanaotuletea magonjwa. Hofu yake tunaielewa, na hatusemi kwamba kila maabara duniani imesalimika na kosa. Lakini kirusi hiki chenye taa ni dhaifu kuliko kile ambacho mbu wa Isiolo anakibeba bila idhini ya mtu yeyote.

Faida yake ilionekana. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris walichapisha habari za panya waliodungwa kirusi cha namna hiyo, kisichokuwa na NSs na chenye jeni ya mwanga. Ilibidi wawe panya waliozaliwa hawana uwezo wa kuisikia ile mbiu ya intaferoni, maana panya mzima angekimaliza kirusi kilichong'olewa jino kabla hakijafika popote. Wakawaweka mbele ya kamera kali ndani ya chumba cha giza, panya wakiwa hai, wakaona mwanga ukizagaa mwilini, na mkusanyiko wake mkubwa ukawa kwenye ini. Kile ambacho Daubney na wenzake walikiona baada ya kuwapasua wanakondoo waliokufa, hawa walikitazama kikitokea.

Na dawa je? Huchukuliwa sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 96, au 384, kila kishimo kimepandwa seli. Humwagiwa kirusi shahidi, kisha kila kishimo hutiwa dawa tofauti. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku mmoja tu, mashine hupima mwanga wa kila kishimo. Penye mwanga mkali, kirusi kimestawi na dawa haikufaa kitu. Penye giza, huenda dawa imekizuia.

Tumesema huenda, na hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kishimo huwa giza kwa sababu mbili. Ama dawa imekizuia kirusi, ama dawa ni sumu iliyoziua seli zote, na seli iliyokufa haizalishi kirusi wala mwanga. Ukimimina dawa ya kufulia katika kile kishimo, giza litakuwa totoro. Basi wataalamu hawaukubali ushahidi wa giza peke yake. Huweka kipimo cha pili pembeni, cha kuangalia kama seli zenyewe zi hai. Shahidi mmoja anasema kirusi hakipo, wa pili anasema mwenye nyumba yu mzima. Wakikubaliana, ndipo dawa hupelekwa mbele, kwa kirusi kamili cha porini, kwa wanyama, na mwisho kwa watu. Kadhi yeyote angeuelewa mwendo huo. Shahidi haingii mahakamani akaaminiwa kwa kuwa sauti yake ni kubwa; huulizwa habari zake kwanza, na hutafutwa wa kumuunga mkono.

Wenye umri wetu wanaikumbuka Kemron. Mwaka 1990 ilitangazwa hapa Kenya, kwa shangwe kubwa na kwa kauli ya wakuu wa nchi, kwamba dawa ya Ukimwi imepatikana. Ilikuwa ni intaferoni hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo cha kumumunya. Watu waliuza mashamba na wageni walipanda ndege kuja kuitafuta. Majaribio yaliyofanywa baadaye, pamoja na yale ya Uganda, hayakuonyesha faida yoyote. Hatulitaji hilo kwa kumcheka mtu. Tunalitaja kwa sababu tuliwaona waliolia, na kwa sababu hata leo kila msimu wa homa hazikosi chupa za dawa za miti zenye maandishi ya kwamba zinaua kila kirusi. Huenda mti ukawa na dawa kweli, hatuukatai. Uwekwe mbele ya mashahidi wawili tuone.

Kuna walioniuliza, samahani, waliotuuliza, kama kupandikiza hati ya kiumbe mmoja kwa mwingine ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa zama hizi wamelizungumza kwa upana, na upana huo hautoshi katika safu hii. Tunachoegemea sisi ni hiki: linaloharamishwa ni kubadili kwa upuuzi, kwa udanganyifu au kwa kudhuru. Anayeondoa madhara ya kirusi na kukitia alama ili aitafute dawa yumo katika mlango wa kutibu, na kutafuta tiba tumeamrishwa. Atakayekitumia ujuzi huo huo kuongeza madhara, hukumu yake ni nyingine kabisa, wala haihitaji sheikh.

Kwa hiyo mama yetu wa Meru, jawabu la swali lako ni kwamba wanauwasha kwa sababu hawajaweza kuuzima. Hadi tunapoandika haya hakuna dawa iliyothibitishwa kwa binadamu ya Homa ya Bonde la Ufa. Iko moja iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya mafua, favipiravir, ambayo imewaokoa wanyama wadogo wa maabara, na baina ya mnyama mdogo na mtu pana safari. Chanjo ya binadamu nayo iko njiani. Mtaalamu wetu Mkenya, George Warimwe, pamoja na wenzake wa Kilifi na wa Oxford, wameifikisha kwenye majaribio ya watu, na tunawaombea tawfiki.

Lakini mbuzi wa mumeo hana taa. Hilo ndilo tulilotaka ulishike kuliko yote. Kirusi kinachong'aa kiko ndani ya vyumba vilivyofungwa, huko Texas na Paris na kwingineko. Kile cha sokoni kinakuja gizani, katika damu, katika maziwa, katika maji ya uzazi na kondo la nyuma. Mnyama anayetupa mimba anakimwaga kwa wingi, na mkono unaomsaidia ndio wa kwanza kukipokea. Watu wengi wakikipata huumwa homa ya siku chache na kupona wasijue kilikuwa nini. Wachache huharibika macho, au ubongo, au hutokwa na damu na kufa.

Kuhusu mkaza mwana, tulisoma jambo ambalo hatungependa kulificha. Huko Port Sudan watafiti waliwachunguza wanawake wajawazito 130 waliofika hospitali wakiwa na homa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kati yao, 28 walikutwa na homa hii, na 15 kati ya hao 28 waliharibikiwa na mimba. Katika wale 102 wengine, walioharibikiwa ni 12. Zamani ilidhaniwa kwamba mimba zinazotupwa ni za kondoo na mbuzi tu. Hesabu hiyo inatisha, na mwenye mimba ana haki ya kuijua. Kwa rai yetu, asimguse mbuzi anayezaa wala anayetupa mimba, asiondoe kondo, asifagie palipomwagika. Si uvivu, wala si kumvunjia mkwe wake heshima. Sharia imemruhusu aliye na mimba kuacha saumu ya Ramadhani akihofia mwanawe. Itakuwaje tumlazimishe uzazi wa mbuzi? Na atakayeifanya kazi hiyo, awe mwanamume au mwanamke, avae glovu na kufunika mdomo, azike kilichotoka mbali na mbwa, kisha aoge kwa sabuni.

Mengine mengi tayari tunayo katika dini, ila tumeyazoea hata hatuoni faida yake. Damu inayochuruzika ni najisi, nasi tunawaona vijana siku ya Idi wakiichezea. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni mzoga, haliwi, hata kama mwenye duka ameahidi bei ya chini. Mnyama ambaye ugonjwa wake uko wazi hafai kuwa udhiya. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote, hata ya ngamia, na kina mama wa Isiolo watatuwia radhi kwa hilo maana tunajua ladha wanayoitaka. Nyama iliyopikwa vizuri haina hofu. Hatari iko kwenye kisu, kabla ya chungu. Na mbuzi wachanjwe kabla ya mvua, na yule mwenye mimba aangaliwe na daktari wa mifugo kwanza, kwa sababu chanjo ya zamani, iliyotokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki huko Uganda mwaka 1944, nayo huweza kuitoa mimba.

Wakitupa mimba watatu kwa siku chache, kama walivyofanya wa kwako, apigiwe simu ofisa wa mifugo siku hiyo hiyo, na asiuzwe hata mmoja. Hapa tunajua tunamgusa mchuuzi mahali panapouma. Kundi likizuiwa, ada ya shule haipo. Lakini anayemuuzia mwenzake mnyama aliyemjua kuwa na ugonjwa akanyamaza, amemghushi, na kitabu cha biashara tumekisoma sote.

Tulimtumia binti yule rasimu ya maneno haya kwa simu, amsomee mama yake na baba yake kabla hatujaichapisha, kwani habari ni zao. Jawabu lilikuja baada ya siku mbili. Mama amefurahi, ila amesema hakuwahi kuvaa blanketi katika darsa, lilikuwa shuka la Kimasai. Baba naye amesema glovu ni ghali na zinateleza. Hata hivyo juzi mbuzi mmoja aliposhikwa na uchungu usiku wa manane, mzee alimwambia mkaza mwana abaki ndani, akatoka mwenyewe na taa ya mkononi, akakaa uani katika baridi ile mpaka alfajiri. Wamezaliwa wawili, wote wazima.

Wallahu aalam.